Ulinganisho: ruta ya kampuni peke yake, ruta mbili, au modi ya briji?

Mwalimu wa Mamboleo (Kisumu)

Hamjambo wanajukwaa. Kwangu kuna intaneti ya faiba, ruta niliyoletewa na kampuni, kamera nne, kompyuta ya kazi, na wapangaji wawili wa uani ambao tunachangia malipo ya mwezi. Majuzi kijana wa mpangaji mmoja alikuja kunieleza, kwa adabu kabisa, kwamba simu yake inaona picha za lango langu, kwa kuwa kamera bado zilikuwa na nenosiri la kiwandani. Nimelibadilisha, lakini sijatulia.

Nimewaza njia tatu: kuiacha ruta ya kampuni na kurekebisha faiawoli yake (kinga inayochuja maombi yanayoingia), kununua ruta ndogo ya MikroTik na kuiweka nyuma yake, au kuomba ruta ya kampuni iwekwe katika modi ya briji, yaani ipitishe intaneti tu, ili MikroTik ishike kazi yote. Ningependa pia kuziona kamera nikiwa Siaya. Ipi yafaa?

Fundi wa Lanet (Nakuru)

Mwalimu, kabla hujatoa hata shilingi, fungua ukurasa wa ruta ya kampuni uitazame anwani ya upande wa nje. Ikianza na 100, na namba inayofuata ikiwa kati ya 64 na 127, basi uko nyuma ya CGNAT, yaani wateja wengi mnatumia anwani moja ya umma, kwa sababu anwani zote za IPv4, mfumo wa zamani wa anwani za intaneti, hazizidi bilioni 4.3 na hazitutoshi. Ikianza na 10, hali ni ile ile. Hapo hata ukifungua milango yote ya faiawoli, simu yako ya Siaya haitaifikia kamera moja kwa moja, kwa kuwa ombi litakwama kwenye mitambo ya kampuni kabla halijafika kwako. Nimeitwa nyumba kadhaa ambako ruta mpya ilikuwa inalaumiwa bure.

Mimi ningechagua briji. Ruta mbili zikitafsiri anwani (kubadilisha za ndani kuwa moja ya nje) kila moja kwa wakati wake, siku jambo likikwama hujui ni ipi iliyozuia.

Mkaazi wa Lurambi (Kakamega)

Naomba kutofautiana na Fundi. Kwa mtu mwenye wapangaji, ruta mbili ndizo zenye faida, mradi ajue nani akae wapi. Wapangaji wabaki kwenye ruta ya kampuni; kamera na kompyuta ziingie nyuma ya MikroTik. Kwa mpangilio huo faiawoli ya MikroTik huwahesabu wapangaji kuwa watu wa nje, sawa na mtu yeyote wa intaneti, na maombi yao huishia mlangoni. Watu wengi huyapanga kinyume, wakawaweka wageni ndani na vitu vyao nje, kisha wakashangaa: aliye ndani humfikia aliye nje bila kizuizi.

Sharti ni moja. Pande mbili zisitumie namba za mtandao zinazofanana. Kwangu zote zilikuwa 192.168.1, na nilipoteza jioni nzima nikivuta na kurudisha kebo, kumbe MikroTik haikuweza kujua anwani ipi ni ya ndani na ipi ni ya nje. Nilipoipa ndani 192.168.20, mambo yakakaa sawa.

Briji inaweza kuwatenga wapangaji kwa VLAN (kugawa mtandao mmoja kuwa mitandao iliyotengana), lakini ruta yako ikifa, na huku kwetu radi haipigi hodi, nyote mtakosa intaneti kwa pamoja.

Dada wa Milimani (Nakuru)

Mbona tunamtuma Mwalimu dukani haraka hivyo? Ruta nyingi za kampuni zina mtandao wa wageni ambao hauoni vifaa vya mwenye nyumba. Awape wapangaji huo, azime WPS (kuunganisha Wi-Fi kwa kitufe au PIN) na UPnP, na afunge usimamizi wa ruta kutoka nje. UPnP hasa ni ya kuzimwa, kwani kifaa chochote cha ndani huweza kujifungulia mlango bila kukuuliza. Mkipewa IPv6, mfumo mpya wa anwani, msizime faiawoli yake hata siku moja, kwa sababu huko kila kifaa huwa na anwani yake ya umma, na faiawoli ndiyo kinga pekee iliyobaki mlangoni.

Fundi wa Lanet (Nakuru)

Dada amesema kweli, na hoja ya Lurambi kuhusu wapangaji naikubali. Ukinunua MikroTik, usifute kanuni ilizokuja nazo, kwa maana tayari zinakataa maombi mapya yanayotoka nje. Kanuni husomwa kutoka juu kwenda chini, na ya kwanza inayolingana ndiyo inayoamua. Niliwahi kuweka ya kukataa juu ya ile ya kuniruhusu, nikajifungia nje ya ruta ya mteja huku ananitazama. Tangu siku hiyo huwasha kwanza hali salama ya WinBox (programu ya kusimamia MikroTik), ambayo hurudisha mabadiliko yote muunganisho ukikatika.

Kuhusu Siaya: ukiwa na anwani ya umma, tumia WireGuard (VPN, njia iliyosimbwa ya kuingia mtandao wa nyumbani), usifungue mlango wa kamera. Usipokuwa nayo, programu ya mtengenezaji wa kamera itafanya kazi, kwani kamera ndiyo inayoanza kupiga hodi kwenye seva yao, ingawa hapo picha zako hupita mikononi mwa watu wengine.

Mwalimu wa Mamboleo (Kisumu)

Ahsanteni. Anwani yangu ya nje inaanza na 100.81, kwa hiyo WireGuard itasubiri nijibiwe na kampuni kama wanauza anwani ya umma. Ningeanza na ushauri wa Dada, lakini ruta niliyopewa haina mtandao wa wageni, basi nimefuata mpangilio wa Lurambi. Jana jioni nilimwita yule kijana ajaribu tena mbele yangu. Alizungusha simu yake kwa dakika kumi, akapata printa ya mamake tu.