Mtangazaji wa asubuhi hapa Mbeya, nani kakwambia Rush Limbaugh alikuwa mtetezi wa Wakristo wa Afrika?

Wakuu habari za jioni. Mods naomba uzi huu msiupeleke jukwaa la kimataifa. Anayezungumzwa ni Mmarekani lakini malalamiko yangu ni ya hapahapa Mbeya.

Kuna redio moja hapa mjini, jina siliandiki, wakazi wa Mwanjelwa, Soweto na Mafiati mtaijua tu maana asubuhi bajaji nyingi zimeifungulia. Mtangazaji wa kipindi cha asubuhi siku hizi kapata shujaa wake. Anaitwa Rush Limbaugh, alikuwa mchambuzi wa siasa wa mrengo wa kihafidhina Marekani, alifariki 2021. Mtangazaji anatusimulia maisha yake, anatafsiri maneno yake, anamwita mtetezi wa Wakristo aliyewaambia wakubwa ukweli usoni. Na huku kwetu, kwenye Wamoravian, Walutheri, Wakatoliki na Wapentekoste kila kona, ukishamwita mtu mtetezi wa Wakristo umemaliza. Hakuna anayeuliza swali la pili.

Nilivumilia mpaka siku aliposema Rush ndiye aliyethubutu kumkemea Obama alipopeleka wanajeshi Uganda mwaka 2011 "kuwapiga Wakristo". Mama yangu yuko Tukuyu, redio ile anaiamini kuliko gazeti. Akanipigia simu: "Mwanangu, kumbe yule Kony walikuwa wanamwonea kwa sababu ya dini?" Nikamuuliza, "Mama, nani kakwambia?" Akajibu, "Si redioni, wamesema leo."

Mama yangu ni mzee wa kanisa. Miaka yote ile ya vita ya kaskazini mwa Uganda kanisani kwao waliwaombea watoto waliotekwa na LRA (Lord's Resistance Army, yaani Jeshi la Upinzani la Bwana), waasi wa huyo Joseph Kony. Leo amefika kuuliza kama mtekaji alionewa. Ndiyo maana nimekuja hapa nikiwa na hasira na sitaki kuificha.

Haya, ukweli wa jambo lenyewe. Tarehe 14 Oktoba 2011 Obama aliliarifu Bunge la Marekani kwamba anapeleka wanajeshi wapatao 100, kazi yao kuyashauri majeshi ya Uganda na nchi jirani katika kumsaka Joseph Kony na viongozi wenzake wa LRA. Siku hiyohiyo Limbaugh akaingia hewani akawaambia mamilioni ya wasikilizaji kwamba LRA ni Wakristo wanaopigana na Waislamu wa Sudan, na kwamba Obama ametuma askari kwenda kuwaua. Akasoma na malengo ya LRA kama LRA wenyewe walivyoyaandika: kuondoa udikteta, kukomesha uonevu. Akayasoma kana kwamba ni taarifa ya habari. Kipindi kikielekea mwisho, baada ya kuambiwa kwamba kundi hilo linatuhumiwa kwa mambo mabaya sana, akasema ndiyo kwanza wamelisikia leo, watalichunguza.

Watalichunguza! Mahakama ya Kimataifa ya Jinai ilikuwa imetoa hati ya kumkamata Kony tangu 2005. Yaani miaka sita nzima. Na usiku mmoja wa Oktoba 1996 LRA waliingia shule ya wasichana ya St. Mary's, Aboke, wakawachukua wanafunzi 139. Shule ya Kikatoliki hiyo. Mtawa mmoja, Sista Rachele Fassera, aliwafuata waasi porini kwa miguu akawasihi, wakamrudishia 109, wakabaki na 30. Wale mabinti walikuwa wanasali rozari. Sasa nielezwe, katika habari hii Mkristo anayehitaji kutetewa ni nani? Askofu Mkuu John Baptist Odama wa Gulu na viongozi wenzake wa dini wa Waacholi, watu wa kaskazini mwa Uganda, walihangaika miaka na miaka kutafuta amani. Mtangazaji wetu hakuwataja hata kwa bahati mbaya. Kamtaja Limbaugh, mtu wa Florida.

Hata wahafidhina wenzake walimpinga. Seneta James Inhofe wa Oklahoma, Republican wa damu, alisimama Seneti kurekebisha yale maneno. Na binti mmoja wa Kiuganda aliyetekwa na LRA akiwa mtoto, uso wake umeharibiwa na bomu, alirekodi video kumjibu Limbaugh kwa upole ambao mimi nisingeuweza. Ukitaka kuwasomea watu wa Mbeya ushuhuda wa Mkristo jasiri, huo hapo.

Kabla hamjaniambia nina chuki na wahafidhina, mama yangu mwenyewe ni mhafidhina kuliko Limbaugh, na mimi kanilea yeye. Mtu akitaka kodi ndogo, ndoa ya mume na mke, serikali isiyomwingilia, ni haki yake na ajenge hoja. Ninachokipinga ni ile namna ya kufanya kazi, na mtangazaji wetu anaiiga mguu kwa mguu.

Kipaji Limbaugh alikuwa nacho, sikatai. Chuo alikaa mwaka mmoja akaacha, vituo vya redio vikamfukuza kimoja baada ya kingine, akaenda kufanya kazi kwenye timu ya besiboli ya Kansas City, akarudi redioni, akang'ara Sacramento kuanzia 1984. Tarehe 1 Agosti 1988 akaanza kusikika nchi nzima kutoka New York. Mwaka mmoja nyuma, 1987, mamlaka ya mawasiliano ya Marekani ilikuwa imefuta kanuni ya tangu 1949 iliyovitaka vituo vitoe nafasi kwa mawazo yanayopingana. Yaani mlango ulifunguliwa naye akapita. Kwa muda wa saa tatu kila siku ya kazi, mtu mmoja na maikrofoni, mgeni wa kumbishia karibu hayupo, simu za wasikilizaji zinachujwa kabla hazijaingia hewani. Zaidi ya vituo 600 vilimrusha. Republican walipochukua Baraza la Wawakilishi 1994 baada ya miaka 40, wabunge wapya walimfanya mwanachama wa heshima wa kundi lao. Mwaka 2008 akasaini mkataba ulioripotiwa kufika dola milioni 400.

Kwa pesa hiyo alishindwa kumlipa kijana mmoja atafute habari za LRA kabla ya kipindi?

Na alipokosea, ilimgharimu nini? Mwaka 1995 alisema kwenye televisheni kwamba wanaotumia dawa za kulevya washtakiwe wafungwe. Mwaka 2003 akakiri kwamba yeye ni mraibu wa vidonge vya kutuliza maumivu. Alitibiwa, akarudi kwenye kiti chake. Ugonjwa ni ugonjwa, simcheki kwa hilo, nauliza tu ile huruma aliyoipata yeye kwa nini hakuwa nayo kwa wengine. Februari 2012 alimtukana hewani mwanafunzi wa sheria, Sandra Fluke, kwa maneno ambayo siwezi kuyaandika mama yangu akiwa hai. Akaomba radhi baada ya siku chache, wadhamini walipoanza kukimbia. Hapo ndipo palipomuuma, kwenye matangazo ya biashara. Waacholi hawakuwa na tangazo la kuondoa.

Mtangazaji wetu anadai eti Limbaugh "alisema ukweli kuhusu Corona". Tarehe 24 Februari 2020 alisema Corona ni mafua ya kawaida tu. Wakati huo mwenyewe alikuwa anatibiwa saratani ya mapafu, na miaka yote alikuwa anabisha kuhusu madhara ya moshi wa sigara kwa wasiovuta. Alifariki 17 Februari 2021. Siku hiyohiyo sisi tulimpoteza Maalim Seif, ambaye chama chake kilikuwa kimetangaza kwamba ana Corona. Watu wa Mbeya walizika sana kipindi kile. Usituletee habari hizo asubuhi.

Nilipiga simu studio. Aliyepokea aliniuliza nataka kusema nini, nikamweleza nataka kurekebisha habari ya Uganda. Akaniambia nisubiri hewani. Nikasubiri mpaka simu ikakatwa. Nikapiga tena, nikasema nataka kumpongeza mtangazaji. Nikaunganishwa hapohapo. Nilipotaja Aboke tu, muziki ukapanda, mtangazaji akasema "mtandao unasumbua, tumshukuru msikilizaji wetu". Mtandao haukuwa unasumbua.

Ninachodai ni kidogo. Arudi hewani saa ileile, kipindi kilekile, aseme kwa Kiswahili kinachoeleweka kwamba LRA iliteka, iliua na kubaka Wakristo na wasio Wakristo, na kwamba alichosoma hakikuwa kweli. Asiandike Facebook. Mama yangu hana Facebook.

Barua kwa meneja wa kituo nimeshapeleka kwa mkono, ninayo nakala yenye muhuri wa mapokezi. Nikijibiwa nitaleta mrejesho hapa. Mwenye rekodi ya kipindi kile naomba aiweke, mimi nilirekodi sehemu ya mwisho tu kwa simu na kelele za sokoni zimeifunika.