R inapanda ghafla juu kidogo ya nishati ya ψ(2S): kosa liko wapi?

Dunga, Kisumu
Hamjambo wanajukwaa. Tunaigiza kwa kompyuta migongano ya elektroni na positroni, kwa mpangilio kama wa kigunduzi cha chembe BESIII kule Beijing. R, yaani uzalishaji wa hadroni (chembe zilizoundwa kwa kwaki) ukigawanywa kwa ule wa jozi za miuoni (ndugu wazito wa elektroni), inatoka 2.3 kwenye nishati ya GeV 3.65. Kwenye 3.71 inapanda hadi 3.6! Jozi za tau (ndugu wazito zaidi wa elektroni) zimeondolewa, ufanisi wa uteuzi wa matukio umekaguliwa mara mbili. Nini kimetupita?

Menengai, Nakuru
Ufanisi uacheni, hauna kosa. Huo ni mkia wa ψ(2S), resonansi, yaani chembe ya muda mfupi mno inayozaliwa kwa wingi nishati ikilingana na uzito wake. Elektroni au positroni hutoa fotoni kabla ya kugongana, nishati ikashuka hadi MeV 3686, na resonansi ikazaliwa. Kutoka 3.71 fotoni ya MeV 24 tu inatosha, na mara nyingi hutorokea ndani ya bomba la miale. Hakuna kichujio kitakachoinasa. Tukio linafanana kabisa na ψ(2S) iliyotulia. Ni kuukokotoa mkia na kuutoa.

Kwa Γee (upana wa ψ(2S) wa kuoza kuwa elektroni na positroni) ya keV 2.33, mkia ni kama nb 9.5 (nanobarn, kipimo cha uwezekano wa mgongano), ilhali hadroni zisizotokana na resonansi ni karibu nb 14 (86.8 gawanya kwa s, yaani mraba wa nishati ya mgongano katika GeV, zidisha kwa 2.2, R inayotarajiwa bila resonansi). Hata 3.65 haikusalimika: mkia wa J/ψ, resonansi ndugu iliyo nyepesi zaidi, unaongeza takriban nb 1, ndiyo maana hamkupata 2.2. Na tahadhari: Γee ya majedwali tayari imebeba athari ya utupu (jozi za chembe zinazojitokeza kwa muda na kubadili nguvu ya fotoni). Mkiizidisha tena, mkia utavimba.

Mumias
Naongezea la Menengai. Msiweke pointi kati ya 3.68 na 3.70. Upana wa ψ(2S) ni keV 290 hivi, lakini nishati ya miale yenyewe hutawanyika kwa MeV 1.3. Kilele cha nb 8,000 na zaidi kinaonekana kama nb 640, na kwenye mteremko kosa dogo la nishati linageuka kosa kubwa la R. Ongezeni pointi ya 3.50: iko chini ya 3.554, nishati ya chini kabisa ya kuzalisha jozi za tau, kwa hiyo hakuna jozi za tau za kuondoa.

Dunga, Kisumu
Asanteni sana. Na kupima luminositi (wingi wa nafasi za migongano) kwenye nishati ya J/ψ, tutumie elektroni zinazotawanyika kwa pembe kubwa?

Menengai, Nakuru
Hapana. Karibu asilimia 6 ya J/ψ huoza kuwa elektroni na positroni, zinachanganyika na hizo mnazohesabu. Pale tumieni jozi za fotoni.