Chundo ya embe: chupa moja imeganda sukari, nyingine inatoa povu. Msaada wakuu

Kibatari: Habari wakuu. Nipo Dar, nataka chundo ya Kigujarati, yaani achari tamu ya embe mbichi, ya kuiva juani, si ya motoni. Vipimo: dodo mbichi iliyokwaruzwa kilo 1, sukari kilo 1¼, chumvi vijiko 2 vya chakula, manjano kijiko 1 cha chai. Pilipili na bizari nyembamba nimetia mwanzoni. Chupa moja imefanya chenga za sukari chini, nyingine ina povu na harufu ya pombe. Tatizo nini?

Bi Bizari: Vipimo viko sawa, tazama embe. Gujarat, India, hutumia embe aina ya Rajapuri: kubwa, nyama ngumu, haina nyuzi nyingi, na kali kwelikweli. Ule ukali ndio unaoizuia sukari isigande. Dodo ikishaanza umanjano ndani, ukali umeshapungua. Chukua ambayo kokwa limekaza lakini nyama bado nyeupe, na kama ukiionja hukunji uso, kamulia ndimu 2 kwa kilo. Kwaruza kwa matundu makubwa. Madogo yanakupa jemu.

Iliyoganda inaokoleka: ikalishe chupa kwenye maji ya moto, tia vijiko 2 vya maji ya ndimu, koroga taratibu hadi chenga ziyeyuke. Ya povu mwaga.

mzee_wa_shira: Povu maana yake shira ilikuwa nyepesi, au kijiko kilikuwa na maji. Changanya embe, chumvi, manjano na sukari, funika, ilale usiku kucha hadi sukari iyeyuke yote. Asubuhi funga mdomo wa chombo kwa kitambaa chepesi cha pamba, anika. Jioni iingize ndani, iache ipoe, ndipo ukoroge kwa kijiko kikavu. Siku 7 hadi 10 za jua kali. Kupima: tone moja kwenye sahani, lipoe, libane kwa kidole gumba na cha shahada, vuta. Ukitoka uzi mmoja, anua siku hiyohiyo. Ukingoja nyuzi mbili, sukari itaganda hata embe ingekuwa kali vipi.

Pilipili vijiko 2 na bizari iliyokaangwa ikapondwa, kijiko 1½, ni za mwisho, chundo ikishapoa. Ukizitia mwanzoni jua linaipausha pilipili na bizari inapoteza harufu.

Kibatari: Shukrani Bi Bizari, asante mzee. Mbona wengine wanakamua maji ya embe kwanza?

Bi Bizari: Wanafupisha siku za jua. Sishauri, unamwaga ukali wenyewe.

mzee_wa_shira: Mimi nakamua kidogo, hasa msimu wa unyevu. Kule Gujarat kazi hii ni ya Aprili na Mei, hewa kavu, kabla mvua za Juni hazijafika. Dar embe mbichi zinajaa sokoni wakati vuli inanyesha. Wingu likikaa siku mbili mfululizo usibahatishe, malizia kwenye moto mdogo, na ipua kabla uzi haujakaza, maana shira ya moto huzidi kuwa nzito ikipoa.

Kibatari: Sufuria ya alumini inafaa?

Bi Bizari: Hapana, ukali wa embe unaila. Stili, kioo au kauri. Na mfuniko usiwe wa bati, chumvi italeta kutu.