MREJESHO: Ule ukuta wa chumbani uliokuwa unabanduka rangi

Wakuu habari zenu. Mtakumbuka niliuliza kuhusu nyumba yangu hapa Tanga: rangi inavimba na kubanduka kuanzia sakafuni hadi usawa wa goti, unga mweupe wa chumvi unatoka, na nyuma ya kabati ni ukungu mtupu.

Wengi mlisema nipake rangi ya kuzuia maji. Nilishapaka, ikadumu wiki sita. Aliyeniokoa ni yule aliyesema nibandike kipande cha nailoni ukutani na kuziba kingo zote kwa selotepu. Siku ya pili matone yakawa kati ya nailoni na ukuta. Maana yake maji yanatoka ukutani kwenyewe, si mvuke wa chumbani.

Nikatoka nje na jembe. Kumbe bustani ya mke wangu (msimwambie) imejaza udongo hadi umeipita ile nailoni ya msingi inayozuia unyevu usipande. Hapo tofali linanyonya maji kama utambi. Tukaondoa udongo mpaka sentimita 15 chini ya nailoni, tukamwaga kokoto, tukabandua lipu iliyooza, ukuta ukaachwa wazi Januari na Februari yote. Fundi alitaka kupiga lipu mpya wiki ileile, nikagoma.

Masika imepita, ukuta mkavu. Kabati nimelisogeza upana wa kiganja lipate hewa. Ukungu wa bafuni bado upo, ila huo una kesi yake.