Gumzo la ukoo: gego la marehemu na kabila lake

Mjomba Juma: Neema, mfupa wa mtu aliyekufa miaka 2,400 iliyopita unakuambiaje kabila lake?

Neema: Shikamoo mjomba. Kabila hauambii 😀 Jino ndilo linaloonyesha alikokulia, basi. Strontiamu, elementi inayofanana na kalisi, inatoka kwenye mwamba, inaingia kwenye maji na mazao, mtoto anakula, inajikalia kwenye jino mahali pa kalisi. Tunapima uwiano wa isotopu zake mbili, yaani aina zenye uzito tofauti, 87 kwa 86; unabadilika mwamba hadi mwamba. Mpare aliyekulia Tanga, jino litasema Tanga.

Da Zuhura: Mnachukua lipi? Gego la kwanza linamaliza enameli (gamba gumu la nje) kwenye miaka 3, la tatu ndiyo kwanza linaanza kwenye 8.

Neema: Yote mawili yakipatikana, dada. Yakitofautiana, mtu alihama utotoni. Ila tukipima isotopu za oksijeni, zinazotoka kwenye maji aliyokunywa, gego la kwanza tunalikwepa: maziwa ya mama yanapandisha kipimo, mwenyeji anaonekana mgeni. Unakwangua uso wa nje, unakata miligramu 10 hadi 20 za enameli, dentini (sehemu ya ndani) isiguswe. Dentini na mfupa vinanyonya strontiamu ya udongo wa kaburini, halafu kila marehemu anakuwa mwenyeji!

Bakari: Unalinganisha na nini? Sehemu kubwa ya pwani ya Mediterania, mnakochimba, ni mawe ya chokaa.

Neema: Konokono na mimea ya palepale. Lakini umegusa penyewe. Chokaa inacheza 0.707 hadi 0.709, maji ya bahari 0.7092. Mji wa Sicily na wa Tunisia inaweza kutoa namba moja, na mla samaki na chumvi ya bahari anavutwa hukohuko. Namba ikikataa, sema si wa hapa. Ikikubali, usiape.

Mjomba Juma: Mfano?

Neema: Himera, mji wa Kigiriki Sicily, makaburi ya pamoja ya askari wa upande wa Wagiriki, waliopigana na Karthago ya Tunisia. Wa vita vya 480 KK, theluthi mbili hivi si wenyeji. Wa 409 KK, robo hivi. Lakini Herodotus, mwanahistoria Mgiriki, mataifa ya mbali anayapanga upande wa Karthago tu.

Bakari: Aliwapendelea Wagiriki wenzake 😂

Mjomba Juma: Sasa kabila utalitoa wapi?

Neema: Kwenye maandishi, nayo yana ujanja wake. Kuna jiwe la kaburi Athens, lugha mbili. Kwa Kigiriki marehemu ni Antipatros mwana wa Aphrodisios. Kwa Kifoinike, lugha ya pwani ya Lebanoni ya kale, ni Shem bin Abdashtart.

Mjomba Juma: Abd hiyo si ya Abdallah?

Neema: Ndiyo hiyohiyo, na "bin" ni ileile. Mtumishi wa Ashtart, mungu wa kike wa Wafoinike. Kwa Kigiriki baba kapewa jina la Aphrodite, mungu wa kike wa Wagiriki.

Bakari: Kwenye jedwali unamwandika Mgiriki au Mfoinike?

Neema: Si hiki wala kile. "Alikokulia" safu yake, inajazwa na jino. "Alivyoitwa" safu yake, inajazwa na jiwe, neno kwa neno. Na lugha zote mbili zinamwita mtu wa Ashkeloni, jina la mji. Foinike inatajwa kwenye shairi la Kigiriki chini yake.

Da Zuhura: Nani alimwekea jiwe?

Neema: Domsalos, mtu wa Sidoni. Mji mwingine kabisa.