Tupeane uzoefu: kurekodi nyumbani kwa kadi ya sauti ya ndani au kwa intafesi ya nje

Ndugu zangu, naomba kila mmoja aeleze vifaa alivyotumia, iwe kadi ya sauti iliyomo ndani ya kompyuta au intafesi, yaani kisanduku cha nje kinachopokea maikrofoni au ala na kupeleka sauti kwenye kompyuta, na matokeo aliyoyapata. Naanza na yangu. Kwa miaka miwili nilirekodi mashairi hapa Tanga kwa kuchomeka maikrofoni kwenye tundu la waridi la kompyuta ya mezani, na kila rekodi ilikuwa na mvumo mwembamba uliobadilika nilipokuwa nikisogeza kipanya. Nilidhani maikrofoni ni mbovu, nikanunua nyingine, lakini mvumo ukabaki palepale. Baadaye nilielewa kwamba kadi ya ndani imekaa jirani na prosesa na mfumo wa umeme, na kwa kuwa kikuza sauti chake ni dhaifu, ukiongeza sauti ili usikike unakuza na kelele za kompyuta yenyewe. Nilipohamia kwenye intafesi ya USB yenye tundu la XLR, lile la pini tatu la maikrofoni za studio, mvumo ule ulikoma, nikaanza kuisikia feni ya dari ambayo kumbe ilikuwamo siku zote.

Kutoka Mombasa

Kwangu mimi tatizo lilikuwa kuchelewa kwa sauti. Nilikuwa napiga gitaa juu ya ngoma nilizokwisha kurekodi, na kila noti ilinifikia masikioni ikiwa imechelewa, hata nikapoteza mapigo. Hesabu yake ni nyepesi: kompyuta ikikusanya sampuli (vipimo vidogo vidogo vya sauti) 1,024 kwa kasi ya 44,100 kwa sekunde, inasubiri takriban milisekunde 23 kabla ya kufanya lolote, na hapo sauti bado haijaanza safari ya kurudi. Niliweka ASIO4ALL, draiva ya Windows (programu ya kuendeshea kifaa cha sauti) inayopunguza kuchelewa, nikashuka hadi sampuli 256, na hali ikawa afadhali, ila chini ya hapo sauti ilikatikakatika. Intafesi ilinipa draiva yake yenyewe na, muhimu zaidi, njia ya kujisikiliza moja kwa moja bila sauti kupita kwenye kompyuta. Ina pia tundu la gitaa lenye ukinzani mkubwa wa umeme, lisilodhoofisha sauti ya gitaa. Lile la kadi ya ndani lilikuwa likimeza sauti zote za juu.

Kutoka Dodoma

Naomba nitofautiane kidogo na wenzangu. Mimi ni mpiga kinanda wa kwaya, na hadi leo ninarekodi kinanda kupitia tundu la buluu la kompyuta ya mezani, lile la kuingizia sauti ya vifaa na si ya maikrofoni, kwa sababu sauti ya kinanda hutoka ikiwa na nguvu ya kutosha na haihitaji kile kikuza sauti dhaifu. Rekodi ni safi. Anayerekodi kinanda peke yake asiharakishe kutoa fedha, ingawa mwenye kompyuta mpakato kwa kawaida hana tundu hilo. Kosa langu lilikuwa kwa waimbaji: nilinunua maikrofoni ya kondensa pamoja na waya wa kuigeuza iingie kwenye tundu dogo, na haikutoa sauti yoyote, kwa kuwa inahitaji volti 48 ilhali tundu la kompyuta hutoa chache tu. Muuzaji hakunieleza. Tafadhali, kabla ya kununua maikrofoni ya namna hiyo, hakikisheni kwamba kuna kifaa cha kuipa umeme huo.

Kutoka Kisumu

Intafesi ninayo, na bado nilisumbuliwa na ngurumo nzito ambayo sikuijua chanzo chake kwa wiki kadhaa. Ilitokana na chaja ya kompyuta mpakato: nikiichomoa, kimya. Sasa ninajaza betri kwanza, kisha ninarekodi.

Kutoka Tanga tena

Ndugu wa Kisumu, nitalijaribu hilo la chaja kwenye kompyuta mpakato ya mdogo wangu, maana nayo inanguruma vivyo hivyo. Ndugu wa Dodoma, je, ulipowarekodi hatimaye waimbaji wako, uliwapa maikrofoni moja wote au kila sauti na yake?