Niligeuzia Malindi kwa mvua, abiria akakosa maziko ya mama yake: niende kumhani?

Rubani wa Langoni

Assalaam alaykum. Mimi ni mzaliwa wa Langoni, Lamu, na huu ni mwaka wa sita nikirusha ndege ndogo za abiria kati ya Wilson ya Nairobi, Malindi na Manda, kisiwa chenye kiwanja cha ndege cha Lamu. Naomba ushauri kuhusu siku moja ya masika yaliyopita, ambayo imenikaa moyoni hata mke wangu huniuliza nina nini.

Safari ilikuwa iondoke Wilson saa nne asubuhi. Nilipokuwa nikiizunguka ndege kuikagua, kama tufanyavyo kabla ya kila safari, niliona mkato katika mpira wa gurudumu la kushoto, na mkato wenyewe ulikuwa umefika kwenye nyuzi za ndani. Mpira wa namna hiyo haurukwi nao. Gurudumu la akiba lilikuwapo, lakini fundi mwenye idhini ya kutia saini kazi hiyo alikuwa kwenye ndege nyingine, na shughuli ya nusu saa ikatuchukua zaidi ya saa mbili. Kufikia hapo jua lilikuwa limepanda. Wilson iko karibu mita 1,690 juu ya usawa wa bahari, ambako hewa tayari ni nyepesi, na joto la mchana likiongezeka hewa huzidi kuwa nyepesi, injini na mabawa vikapoteza nguvu. Kwa hiyo ilinibidi nipige upya hesabu ya uzito na kuteremsha baadhi ya mizigo. Mmoja wa walioteremshiwa mizigo alikuwa mzee wa makamo, mtu wa mtaani kwetu, na hakulalamika hata kidogo. Aliniambia tu, "Mwanangu, mzigo uache, nifikishe mimi. Mama anazikwa baada ya alasiri."

Tuliruka saa saba kasorobo. Nilipofika juu ya Kipini, pale Mto Tana unapoingia baharini, niliona wingu limeifunika Manda yote pamoja na Lamu na Shela. Siku hiyo nilikuwa natua kwa kuona kwa macho, na kanuni inataka rubani aone umbali wa angalau kilomita 5. Taarifa niliyopewa kwa redio kutoka kiwanjani ilikuwa chini ya kilomita 2. Nilizunguka juu ya bahari kwa dakika 20 nikiomba mvua ipite. Kisha mafuta yakafika kile kipimo nilichojiwekea kabla ya kuruka, yaani ya kunifikisha Malindi na kubakia na dakika 30 za akiba ambazo haziguswi, nikageuka. Mzee alikuwa amekaa nyuma yangu, akaiona dira ikizunguka, akaelewa.

Mvua iliendelea Manda hadi baada ya saa kumi. Tulipotua huko saa kumi na moja jioni, kaburi lilikuwa limeshafukiwa. Gatini, mwenye boti mmoja akasema mbele ya abiria wote kwamba muda mfupi baada ya ndege kugeuka kulikuwa na upenyo wa jua kama dakika kumi, kisha mvua ikarudi. Mzee alinitazama akasema, "Ungesubiri kidogo tu, ningemtia mama mchanga." Sikuwa na jibu, na hadi leo sijakanyaga kwao. Je, niende kumhani? Na nikienda, niseme nini?

Rubani Mstaafu

Ndugu yangu, nimerusha ndege kwa zaidi ya miaka 30, na nitaanza na hilo la upenyo wa jua kwa sababu naona ndilo linalokula moyo wako. Upenyo ule uliujua baada ya kutua. Ulipokuwa juu ya Kipini ulikuwa na wingu mbele yako, saa mkononi na mafuta yanayopungua, na hukuwa na chochote cha kukuonyesha kwamba jua lingetoka baada ya dakika tano na si baada ya saa moja. Kipimo cha mafuta huwekwa chini, akili ikiwa imetulia, ili kule juu usishindane nacho wakati umebeba mtu mwenye msiba. Ungeongeza dakika tano kwa ajili ya mzee, ungetafuta sababu ya kuongeza nyingine tano, kwa kuwa mvua ya pwani hukuonyesha ufa kila mara. Halafu ungekwenda Malindi na akiba pungufu, na kama kungekuwa na ndege iliyokwama kwenye njia ya kutua, au wingu lile lile lingekutangulia kusini, usingekuwa na pengine pa kwenda.

Hata hivyo kuna jambo ambalo naona ungelifanya vizuri zaidi, na naomba ulipokee kwa wema. Mzee alikuambia mapema kwamba ana maziko. Pale Wilson, mlipokuwa mnangoja fundi, ungemweleza wazi kwamba Manda ina mvua za masika na kwamba huenda mkaishia Malindi. Angepiga simu nyumbani, na wenye maiti wangeamua wenyewe kama wasubiri hadi magharibi au wazike. Mimi nilijifunza kusema hivyo baada ya miaka mingi, baada ya abiria kulia mbele yangu.

Nahodha wa Shela

Mwanangu, mimi sijui ndege, ila najua mlango wa Lamu, yaani njia ya maji ya kuingilia bandarini, wakati wa kusi. Nimewahi kutoka Mombasa na jahazi lenye harusi nzima ndani yake, bwana harusi akiwamo, nikafika nje ya mlango nikakuta mawimbi yanavunjika kutoka upande huu hadi ule, na maji yanatoka. Taa za Shela nilikuwa naziona. Nililala nje usiku kucha, watu wakitapika na kunilaumu, hadi maji yalipoanza kujaa asubuhi. Yule bwana harusi hakunisemesha kwa muda wa mwaka mzima, na leo ndiye anayenitumia samaki kila Ijumaa.

Nakwambia haya kwa sababu watu wa Lamu wanaelewa nahodha anapoukataa mlango. Ukienda na habari za kilomita na dakika za akiba, mzee atasikia mtu anayejitetea. Mwambie mlango ulikuwa umefungwa na wewe ulikuwa na roho za watu. Neno hilo analijua tangu utotoni.

Binti Malindi

Mimi nitasema kwa niaba ya abiria, maana nimeshawahi kukwama hapa Malindi katika hali kama hiyo, nikiwa na mgonjwa wa kupeleka Lamu. Kilichoniumiza zaidi ya ndege kugeuka ni kwamba tulikaa kwenye viti vya kungojea bila mtu hata mmoja kutuambia lolote. Wengine walianza kuuliza habari za gari la kupita Garsen na Witu hadi Mokowe, kisha boti, ilhali mchana ulikuwa umekwenda na hakuna mwenye busara angewashauri waikabili njia ile usiku. Rubani alikuwa upande wa pili akishughulikia mafuta. Huenda alikuwa na haki, lakini sisi tulimwona ametukimbia. Je, wewe mlipokuwa Malindi mkingoja mvua ipite, ulikaa na yule mzee?

La pili ni la faraja. Katika madhehebu ya Shafii, ambayo ndiyo ya watu wetu wa pwani, aliyekosa kumswalia maiti wake anaruhusiwa kumswalia kaburini. Yamkini mzee ameshafanya hivyo, na yamkini kwa uchungu hakulikumbuka. Nenda, mkae pamoja, na kama bado, mwombe ufuatane naye makaburini. Kwa maoni yangu hilo litamfikia kuliko maelezo ya aina yoyote.

Rubani wa Langoni

Nawashukuru nyote. Binti Malindi, swali lako limenichoma, kwa sababu jibu ni hapana. Nilisimama kando ya gari la mafuta, nikapiga simu Manda kila baada ya robo saa kuuliza hali ya hewa, na nilijiambia kwamba hiyo ndiyo kazi yangu. Ilikuwa kazi yangu kweli, lakini simu zile ningeweza kuzipiga nikiwa nimekaa karibu yake, akasikia mwenyewe ninachojibiwa. Nadhani nilimwogopa.

Mzee wangu Mstaafu, kuhusu Wilson umesema kweli. Tangu jana nimeanza kuwaambia abiria wa Manda, kabla hawajapanda, hali ya anga ilivyo na mahali tutakapokwenda ikiwa hapatatulika.

Nina mapumziko kuanzia Alhamisi. Nimempigia mama yangu, naye ameniambia kwamba mzee bado yuko Langoni na kwamba hitima itasomwa Ijumaa baada ya isha. Mama ataingia kwa wanawake, nami nitakwenda kwa wanaume. Nitafika mapema, kabla watu hawajajaa.